Kipengele cha Tisa

Fomu imelala juu ya friza ya Kilonzo, Soko la Burma.
Friza yenyewe ilikata roho jana jioni.
Mimi ni fundi. Miaka thelathini na mmoja
nimefufua baridi kwa koleo na pumzi ya gesi.
Baridi naijua. Si malaika.
Ni mtoto wa kunyonya: ukimsahau usiku mmoja
anaamka analia, na nyama imeshageuka rangi.

Ogeto ameituma kutoka ng'ambo, kurasa kumi na nne.
Tangu daktari alitaje lile neno juu ya kongosho langu
mwanangu halali. Ananunua siku popote zinapouzwa.
"Mama, si kufa. Ni kungoja.
Watakuweka ndani ya pipa la chuma, kichwa chini,
naitrojeni imekuzunguka,
mpaka dawa ipatikane."
Kichwa chini, kama popo!
Nilicheka hadi kidonda cha upasuaji kikanikemea.

Nikamuuliza: stima ikipotea?
Akasema pipa halitumii stima.
Nikamuuliza: na bili?
Kimya kikapita kwenye simu.
Sote tunaikumbuka wiki ile ya baba yake,
mochari ikimhesabia siku kama mgeni wa hoteli,
nasi tukichangisha, kanisa kwa chama, jirani kwa jirani,
tumkomboe maiti asiyejua anadaiwa.
Sasa miaka mia mbili, nani atanichangia?
Mwenyekiti wa kamati yangu hajazaliwa.

Lakini usidhani mimi ni jasiri.
Julai hii imeingia hadi kwenye mifupa,
ukungu umekaa Umoja kama mdai asiyeondoka,
nami najikunja chini ya blanketi mbili nikiwaza:
mji huu si uliitwa kwa maji yake baridi?
Baridi imenilisha, imesomesha watoto watatu.
Kwa nini isinihifadhi na mimi
inavyohifadhi maini ya mbuzi na chanjo za Pumwani?
Naitaka kesho. Nasema bila haya.
Nataka kujua kama Mto Ngong utawahi kunyweka,
kama Gesare atamsamehe kaka yake kwa kuondoka.

Ila mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huko nitakakoamkia, jembe lao likoje?
Watanipa nini nitengeneze,
mimi niliyezoea kompresa za mitumba?

Na tena, kinachoganda hupasuka ndani.
Igandishe nyanya, iyeyushe, uone: ngozi na maji.
Ogeto asema wana dawa ya kuzuia hilo.
Huenda.
Mimi nimeziona nyanya.

Kilichonikwamisha ni kipengele cha tisa:
*Jina la atakayekupokea siku ya kuamka.*
Mistari miwili mitupu.

Gesare ana mimba ya miezi saba.
Kwetu jina la aliye hai hapewi mtoto;
hutolewa kaburini, lingali na udongo.
Mama mkwe wangu alirudi hivyo, na hasira zake zote,
akiwa na meno mawili, akiniuma titi.
Sasa niambie, wewe uliyeipiga chapa fomu hii:
nikiwa ndani ya pipa, si maiti si mzima,
jina langu liko wapi?
Nani ataruhusiwa kuitwa Bosibori?

Kilonzo anakohoa mlangoni. Nyama yake inatoka jasho.
Natoa penseli nyuma ya sikio.
Kwenye mstari wa kwanza naandika, kwa herufi ndogo,
*Bosibori.*
Mstari wa pili nauacha.

Naikunja fomu, naitia chini ya koleo, nainama.
Kompresa inatetemeka kidogo,
kama mtu aliyeitwa usingizini
na hajaamua kuitika.